Fedha za serikali kwa mabasi ya shule ya umeme Marekani: tunabishania basi, yadi tumeisahau

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nauandika kwanza kwa sisi tulioko Marekani ambao watoto wetu wanapanda mabasi ya njano kila asubuhi, lakini wa nyumbani pia karibuni, kwa sababu mabasi ya umeme yameshaingia Nairobi na maswali ya fedha yanafanana.

Mimi ni dereva wa basi la shule katika jimbo moja la mashariki. Wilaya ninayofanyia kazi naihifadhi. Yadini kwetu, pale mabasi yanapolala, kuna ya dizeli na ya umeme, na yote nimeyaendesha. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: fedha za umma zinunue mabasi ya umeme, tena ziongezwe. Ila kwa jinsi zinavyogawiwa, tunanunua gari na kuacha vyote vinavyolifanya litembee. Mwishowe basi linalala yadini, wapinzani wanalipiga picha, na mtoto anarudishwa kwenye moshi.

Kwa ambao hawajafuatilia: Novemba 2021 Rais Joe Biden alitia saini sheria kubwa ya miundombinu. Ndani yake mlikuwa na dola bilioni 5 za kubadilisha mabasi ya shule kwa miaka mitano, kuanzia mwaka wa fedha 2022 hadi 2026, chini ya EPA, lile shirika la serikali kuu la mazingira. Nusu ya fedha ni kwa mabasi yasiyotoa moshi kabisa, nusu nyingine inaruhusu pia yale ya gesi. Awamu ya kwanza EPA walitenga dola milioni 500. Wilaya za shule zipatazo 2,000 zikaomba, na maombi yao yakafika karibu dola bilioni 4. Ikabidi kiasi kiongezwe, na Oktoba 2022 wilaya 389 zikatangazwa kupata mabasi 2,463. Asilimia 95 yalikuwa ya umeme.

Kelele zilianzia kwenye bei. Katika awamu ile, wilaya ya kipaumbele, yaani yenye familia nyingi maskini, au ya vijijini, au ya makabila ya wenyeji asilia, iliweza kupata hadi dola 375,000 kwa basi moja kubwa la umeme, na dola 20,000 nyingine za chaja. Basi jipya la dizeli linauzwa kati ya dola 100,000 na 150,000 hivi. Mlipakodi akiuliza kwa nini basi moja ligharimu kama matatu, ana haki ya kujibiwa kwa hesabu, na hesabu tuifanye hapa hapa.

Chukua basi linalokwenda maili 12,000 kwa mwaka. La dizeli likienda maili 6 kwa galoni, linakunywa galoni 2,000. Weka dola 3.70 kwa galoni: dola 7,400. La umeme likitumia uniti 2 kwa maili, ni uniti 24,000. Kwa senti 15 kila moja, dola 3,600. Ongeza kwamba halibadilishwi oili wala halina kichujio cha masizi cha kuziba, tuseme kwa ukarimu umeokoa dola 6,000 kwa mwaka. Miaka 14 ni dola 84,000. Pengo la bei ni zaidi ya dola 200,000. Kwa hiyo anayesimama mbele ya bodi ya shule na kusema basi la umeme litajilipa lenyewe kwa mafuta linayookoa, hasemi kweli, na anatuharibia hoja sisi tunaoyataka mabasi haya. Bila ruzuku halijilipi, angalau kwa bei za sasa.

Linalipa kwenye mapafu. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mtoto anapumua haraka kuliko sisi na mapafu yake bado yanakua. Yeyote aliyewahi kusimama nje ya shule saa nane au saa tisa mchana anaijua ile foleni: mabasi yamepangana pua kwa mkia, injini zinanguruma, milango iko wazi, moshi wa basi la mbele unaingia ndani ya la nyuma. Watoto wanapanda humo humo. Wapo wenye pumu, na sisi madereva tunawajua kwa majina, tunajua nani ana dawa ya kuvuta kwenye mfuko wa begi.

Mwaka 2024 watafiti wa Harvard walipima faida ya afya na tabianchi kwa dola. Wakakuta kwamba ukiondoa basi la dizeli la mwaka 2005 au la zamani zaidi katika jiji kubwa na kuweka la umeme, faida kwa jamii inaweza kufika dola 247,600. Kwa basi la wastani kati ya yale ya dizeli yaliyokuwa barabarani mwaka 2017, faida ni dola 84,200. Ziangalieni namba hizo mbili. Fedha ile ile, basi lile lile jipya, lakini faida inazidi karibu mara tatu kwa kuchagua tu ni bovu gani linatoka na linatoka wapi. Kwenye mikutano ya bodi sijasikia mtu akiliuliza hilo. Wanauliza kuhusu China, kuhusu Trump, kuhusu Biden. Hawaulizi ni basi gani linakwenda kukatwa chuma chakavu.

Sasa nije yadini.

Basi la shule linafaa umeme kuliko karibu gari jingine lolote kubwa. Linajua njia yake. Linatoka alfajiri, linarudi asubuhi, linapumzika, linatoka mchana, linalala usiku kucha. Likizo ya kiangazi halina kazi kubwa. Mengi yanakwenda maili 100 na kitu kwa chaji moja, na njia nyingi za shule ni fupi kuliko hapo. Shida ni pale mahali linapolala. Yadi nyingi zilijengwa kwa taa, kompyuta za ofisi na mashine za karakana. Leta mabasi 20, kila moja na chaja ya kilowati 19, na ukiyachomeka yote kwa pamoja umeomba kilowati 380. Hapo unahitaji transfoma mpya, waya mpya chini ya ardhi, labda hata njia mpya ya umeme kutoka barabara kuu. Shirika la umeme lina foleni yake, na foleni hiyo haisomi tarehe ya EPA. Desemba 2023 mkaguzi mkuu wa EPA mwenyewe alitoa taarifa ya kuonya kwamba ucheleweshaji wa upande wa umeme unaweza kuukwamisha mpango mzima.

Kwetu tuliyaona. Mabasi yalifika kabla ya umeme. Yalikaa yamefunikwa vumbi la ujenzi huku tukiendelea kuendesha makuukuu, na wazazi wakipita nje ya uzio wakauliza, hayo mapya ni ya nani? Hatukuwa na jibu la kuwapa.

Na umeme ukifika, kuna mkataba. Mfano ulio wazi kwa umma ni Kaunti ya Montgomery, Maryland, ambako Waswahili tuko wengi. Mwaka 2021 bodi ya shule iliidhinisha mkataba wa mabasi 326, karibu dola milioni 169, na kampuni ya Highland: kampuni inamiliki mabasi na chaja, wilaya inalipa ada kila mwaka. Wazo zuri, kwa sababu mzigo wa bei unabebwa na mwekezaji. Lakini Julai 2024 mkaguzi mkuu wa kaunti akaandika kwamba mabasi yalichelewa, mengine yalikuwa na hitilafu, na wilaya haikudai faini ambazo mkataba uliiruhusu kudai. Huku nyuma ikanunua mabasi ya dizeli kwa zaidi ya dola milioni 14. Watu wakasema, mnaona, umeme umeshindwa. Mimi niliisoma taarifa ile nikaona kilichoshindwa ni usimamizi wa mkataba.

Hoja yangu ni hiyo. Kila dola ya basi iende pamoja na fedha ya transfoma, ya fundi, na ya mtu wa kusimamia mkataba, na fedha hizo zitangulie. Nakaribisha michango, hasa ya wanaopinga.

Mdau, Columbus, Ohio

Mkuu, heshima kwako, umeandika kwa data. Naomba kutofautiana na wewe.

Shule anayosoma binti yangu wamepunguza walimu wa kusaidia watoto wageni wa lugha. Sisi wengi tulikuja hapa na watoto wasiojua Kiingereza. Dola 375,000 ni mishahara ya walimu wangapi? Unaniambia basi linalipa kwenye mapafu, sawa, lakini dizeli mpya si ile ya zamani. Injini za kuanzia 2007 zina kichujio cha masizi, na za 2010 zikabanwa zaidi kwenye gesi chafu. Kwa bei ya basi moja la umeme ungebadilisha makuukuu matatu kwa dizeli mpya na ukawatoa kwenye moshi watoto wa mabasi matatu, siyo wa moja.

Na utafiti ule wa Michigan, nadhani unaufahamu, uliolinganisha wilaya zilizopata fedha za EPA kwa bahati nasibu kati ya 2012 na 2017 na zilizokosa. Mahudhurio ya wanafunzi yalipanda zaidi kwa waliopata, na zaidi kabisa palipoondolewa mabasi ya kabla ya 1990. Mabasi yale hayakubadilishwa kwa umeme, mkuu. Kwa sehemu kubwa yalibadilishwa kwa dizeli mpya.

Mleta mada

Kaka, huo ndio mchango niliokuwa nausubiri. Utafiti wa Michigan naufahamu na umeusema sawasawa. Unathibitisha kwamba kuondoa basi kuukuu ndiko kunakomsaidia mtoto kwanza, na kwa hilo mimi na wewe tuko pamoja. Kama kuna wilaya bado ina basi la miaka ya tisini barabarani, na foleni ya umeme ni miaka miwili, basi litoke leo kwa chochote kilicho safi zaidi. Sitamwambia mzazi asubiri transfoma huku mtoto anakohoa.

Ninapotofautiana nawe ni kwamba basi la shule likinunuliwa leo litakuwepo barabarani miaka 12 hadi 15. Dizeli ya mwaka huu itakuwa inabeba watoto ambao hawajazaliwa. Kichujio kikiwa kipya kinafanya kazi nzuri sana, lakini muulize fundi yeyote wa karakana ya shule nini kinamlaza macho. Basi la shule linakwenda mwendo mfupi, linasimama kila kona, injini haipati joto la kutosha kuyachoma masizi, kichujio kinaziba. Taa inawaka, basi linaingia karakana, na la akiba linalotolewa mara nyingi ndilo kuukuu kuliko yote.

Kuhusu walimu, naumia pamoja nawe, ila fedha hizi za EPA hazikutoka kwenye fungu la walimu. Bunge lilizitenga kwa mabasi. Wilaya ikizikataa haziendi darasani, zinakwenda kwa wilaya nyingine. Panapogusa walimu ni pale wilaya inapolazimika kujazia kutoka mfukoni kwa sababu yadi haikupangiwa fedha. Ndiyo maana naipigia kelele yadi.

Mdau, Columbus, Ohio

Hapo kwenye kujazia ndipo penyewe. Sina tatizo na fedha ya Washington ikiwa inamaliza kazi. Tatizo langu ni fedha inayoanzisha kazi na kumwachia mwenye nyumba alipe kodi ya majengo zaidi ili kuimalizia. Tuendelee.

Mama wawili, Buffalo, New York

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Mimi naongea kwa niaba ya baridi.

Huku kwetu theluji ya ziwani si mchezo. Jimbo letu limeshapitisha sheria tangu 2022: kuanzia Julai 2027 kila basi jipya la shule liwe lisilotoa moshi, na ikifika 2035 yote yawe hivyo. Mwaka huo huo wapigakura tulikubali hati fungani ya mazingira ya dola bilioni 4.2, na ndani yake milioni 500 ni za mabasi ya shule. Sasa kila Mei wilaya zinapigia kura bajeti zao na ununuzi wa mabasi, na kuna zilizokataa ya umeme. Majirani zangu wanaogopa basi litazimika njiani na watoto ndani, nyuzi joto zikiwa chini ya sifuri. Nami naogopa. Niambie kweli, mdogo wangu, wewe unayeendesha.

Mleta mada

Marahaba dada, na asante kwa swali.

Kweli ni kwamba baridi inakula betri. Hita ndiyo mlaji mkubwa, kwa sababu injini ya dizeli ina joto la bure na mota ya umeme haina. Siku ya baridi kali umbali unapungua kwa kiasi cha kuonekana, na dereva asiyefundishwa anaweza kushikwa na wasiwasi njiani. Kinachosaidia ni kulipasha basi joto asubuhi likiwa bado kwenye chaja, ili joto la kwanza, ambalo ndilo ghali, litoke kwenye umeme wa ukutani badala ya betri. Mengine ya maeneo ya baridi yanafungwa hita ndogo inayochoma mafuta, kwa ajili ya ndani tu. Wapo wanaolalamika kwamba hapo si safi asilimia mia. Kwangu mimi, mtoto asigandishwe; hita ile inachoma kidogo sana ukilinganisha na injini nzima.

Ila hili la kupasha asubuhi linawezekana tu kama kila basi lina chaja yake na yadi ina nguvu ya kutosha kuyahudumia yote saa kumi na moja alfajiri kwa pamoja. Mabasi mawili yakigawana chaja moja, moja linatoka baridi. Sheria yenu ya New York inaruhusu wilaya kuomba kuongezewa muda. Mimi nisingeona aibu wilaya yangu ikiomba, mradi muda huo utumike kujenga yadi. Ikiomba muda na kukaa tu, 2027 itafika na hofu ile ile.

Na njia zichaguliwe. Zile ndefu za pembezoni usianze nazo. Anza na fupi za mjini, ambako pia moshi unawadhuru wengi.

Mama wawili, Buffalo, New York

Nimekuelewa. Hapo kwenye chaja kugawana sikuwa nimepafikiria kabisa. Mkutano wa bodi uko karibu, nitaliuliza.

Fundi, Minnesota

Wakuu salaam. Mimi ni fundi wa magari makubwa, sasa niko kwenye karakana ya mabasi.

Mleta mada amegusa fundi kwa mstari mmoja, mimi nataka niongeze. Zile nyaya za rangi ya machungwa chini ya basi zina umeme wa mamia ya volti. Hugusi bila glavu maalumu, hugusi bila kuzima na kufunga mfumo na kupima kwanza. Fundi aliyefanya kazi kwenye dizeli miaka ishirini anaanza upya darasani. Wilaya ndogo ina mafundi wawili au watatu. Mmoja akienda mafunzo, nani anabaki? Kwa hiyo basi likileta hitilafu anasubiriwa mtu wa kiwandani, na mtu wa kiwandani anatoka jimbo lingine.

Na kiwanda kikifa? Kampuni ya Lion ya Quebec iliuza mabasi mengi ya umeme huku, na ilikuwa na kiwanda Joliet, Illinois. Desemba 2024 ikaomba hifadhi dhidi ya wadai. Mwaka uliofuata ikapata wamiliki wapya huko huko Quebec, lakini waranti za mabasi yaliyouzwa Marekani hazikuheshimiwa. Kuna wilaya zimebaki na mabasi yaliyonunuliwa kwa fedha ya serikali na hakuna wa kuyatengeneza. Hata Proterra, waliokuwa wakitengeneza betri za mabasi ya shule ya kampuni ya Thomas, waliingia kwenye ufilisi Agosti 2023, bahati kitengo cha betri kikanunuliwa na Volvo.

Serikali ilipokuwa inatoa mamilioni haya ingeweza kudai kitu kimoja: mtengenezaji aweke vipuri na taarifa za kiufundi mahali ambapo vitapatikana hata akifunga duka. Haikudai. Mimi nayapenda mabasi haya, ni rahisi kuyatunza yakiwa mazima. Lakini nimeona basi zima, betri nzima, mota nzima, limelala kwa sababu ya kisanduku kimoja cha kompyuta ambacho hakuna wa kukifungua.

Mleta mada

Fundi, huu mchango nauunga mkono neno kwa neno. Wadau, someni tena hapo kwenye vipuri.

Ndugu wa Kolwezi, sasa Arizona

Jambo wandugu. Nimesoma yote kimya, sasa naomba nafasi.

Mimi nimezaliwa Kolwezi. Kobalti nyingi ya dunia hii, yale madini ya betri, karibu robo tatu, inatoka kwetu Kongo, majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Wanasiasa wa huku wanaopinga mabasi ya umeme wanapenda kuwataja watoto wetu wanaochimba kwa mikono. Wanasema ukweli, nimeyaona kwa macho, mashimo yale yanaporomoka na watu wako ndani. Lakini mtu yule yule haongei kuhusu Kolwezi anapozungumza simu au kompyuta. Anaikumbuka siku ya kupiga kura dhidi ya basi la shule. Hilo linanikera.

Na upande wenu mnaounga mkono, mnaikwepa mada yetu kabisa. Mnaongea mapafu ya mtoto wa Maryland. Mtoto wa Kolwezi naye ana mapafu, na vumbi la madini analivuta kila siku. Fedha ya serikali ya Marekani inanunua betri. Anayenunua kwa fedha ya umma ana nguvu ya kuuliza madini yametoka shimo gani, nani alilipwa, alilipwa ngapi. Mbona swali hilo halimo kwenye fomu ya kuomba fedha?

Mleta mada

Ndugu yangu, umesema kitu ambacho kilipaswa kuwa kwenye uzi wangu tangu juu.

Nikujibu kwa ninachokijua. Ziko betri za aina ya chuma na fosfati ambazo hazina kobalti wala nikeli kabisa, na watengenezaji wa magari makubwa wanazitumia zaidi kila mwaka, kwa sababu ni nafuu na zinadumu. Ni nzito zaidi kwa umbali ule ule, lakini kwa basi la shule linalokwenda njia fupi na kulala yadini kila usiku uzito huo unavumilika. Wilaya inaweza kuandika kwenye zabuni kwamba inataka aina hiyo, au inataka uthibitisho wa chimbuko la madini. Lakini najua ukikwepa kobalti hujamsaidia mchimbaji wa Kolwezi. Umemnyang'anya soko tu. Kwa hiyo la uthibitisho ndilo bora, na ni la serikali kuu, wilaya ya shule haina ubavu wa kulibeba peke yake.

Ndugu wa Kolwezi, sasa Arizona

Asante kwa kutokwepa. Soko tunalitaka. Tunataka soko linalolipa na lisiloua.

Mdau, Nairobi

Nawasalimu kutoka huku. Nimefuatilia kwa sababu nina mtoto shuleni na basi lao ni la dizeli.

Huku kwetu BasiGo, kampuni ya mabasi ya umeme, walianza na mabasi mawili ya majaribio Nairobi mwaka 2022, na mpango wao ni kwamba mwenye matatu halipi bei yote ya gari mwanzoni. Analipa kulingana na kilomita anazokwenda, na ndani ya malipo hayo mna chaji na matengenezo. Basi likilala, kampuni haipati kitu, kwa hiyo kampuni ndiyo inayokimbia kulitengeneza. Nimeshangaa kusoma kwamba Montgomery mkataba ulikuwa na faini na hawakuzidai. Huku mwenye matatu asingekubali hata wiki moja. Pia stima yetu karibu asilimia 90 ni ya jotoardhi, maji, upepo na jua, kwa hiyo hatuna ile hoja ya kwamba umehamisha moshi tu kwenda kwenye kiwanda cha umeme. Swali langu: kwa nini Marekani wasilipe kwa kilomita badala ya kutoa dola laki tatu na kitu kwa mkupuo?

Mleta mada

Mkuu wa Nairobi, swali zuri sana. Jibu fupi ni kwamba sheria ilitungwa kununua vitu, na vitu vinahesabika kirahisi: mabasi mangapi yametolewa, picha imepigwa, waziri amekata utepe. Kulipa kwa huduma kunahitaji usimamizi wa miaka mingi, na wanasiasa hawakai miaka mingi. Ndiyo hatari iliyotokea. Januari 2025 Rais Trump alipoingia aliagiza malipo ya fedha za sheria hii yasitishwe kwanza yachunguzwe. Wilaya zilizokuwa zimeshaagiza mabasi zikakaa bila kujua kama zitalipwa. Kisha unafuu wa kodi wa hadi dola 40,000 kwa gari kubwa la umeme ukafutwa kwa magari yaliyopatikana baada ya Septemba 30, 2025. Wilaya iliyopanga bajeti yake juu ya ahadi hizo ilijikuta peke yake.

Kwa hiyo wazo lako la kulipa kwa kilomita ningelipokea kwa mikono miwili, kwa sharti kwamba hela ya miaka yote iwekwe kando siku mkataba unaposainiwa.

Na kuna mapato ambayo hayajaguswa. Oakland, California, tangu 2024 wana mabasi 74 ya umeme chini ya kampuni ya Zum, na yakirudi yadini yanaweza kurudisha umeme kwenye gridi saa ambazo mji unauhitaji zaidi; mpango ni kurudisha hadi gigawati-saa 2.1, yaani uniti milioni 2.1, kwa mwaka. Fikirieni, gari linalokaa likizo nzima bila kazi linauza umeme. Chaja za kufanya hivyo ni ghali zaidi na zinahitaji makubaliano na shirika la umeme. Mnarudi pale pale: yadi.

Mama wawili, Buffalo, New York

Mdogo wangu, nirudie. Kwenye mkutano wa bodi mzazi hapewi muda mrefu wa kuongea. Katika yote haya niulize nini? Siwezi kuyasema yote.

Mleta mada

Dada, anza na transfoma. Uliza: mmeshapata barua kutoka shirika la umeme yenye tarehe ya kukamilisha, na je, mabasi yanaletwa baada ya tarehe hiyo au kabla? Wakijibu kwa maneno ya jumla, omba barua yenyewe, ni waraka wa umma. Muda ukibaki, uliza ni mabasi gani yanaondolewa na ya mwaka gani. Kisha faini: basi likikaa bovu, kampuni inalipa nini, na ni mtumishi gani wa wilaya, kwa cheo chake, anayehesabu siku hizo. Hita na chaja za kugawana muulize mkuu wa usafirishaji pembeni baada ya mkutano, huyo ndiye anayejua, na mara nyingi anafurahi kuulizwa.

Ukipata majibu yalete hapa, na wengine wenye mikutano mwezi huu wafanye vivyo hivyo. Taja mwaka wa mabasi yanayotoka, hilo usilisahau.